Wiki Sita kwa Dona Hermínia

Ufunguo wa mlango wa mbele ulikaa mfukoni mwa aproni ya Dona Hermínia, na aproni hiyo haikuvuliwa ila wakati wa kulala.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kutembea kidogo tu."

"Na nywele mbichi hivyo, Januari hii? Upepo ukikuingia kifuani nitamwambia nini mama yako? Njoo ukae karibu na jiko tuzungumze. Si ndicho kilichokuleta?"

Tessy akarudi jikoni. Msichana wa miaka ishirini na mitatu, na kwa siku kumi na tisa sasa alikuwa akiomba ruhusa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kwao Luxembourg alikuwa ameahidiwa kazi ya ualimu wa chekechea, katika shule ambayo nusu ya watoto wake huzungumza Kireno nyumbani. Sharti lilikuwa moja: akae Ureno wiki sita, ndani ya familia, aizoee lugha, na mwenye nyumba atie saini kwamba zimetimia. Bila hizo sita, hakuna kazi. Ndivyo alivyoangukia mji wa Lamego, kwa wazee wawili wenye nyumba ya ghorofa tatu, vyumba tele vitupu na baridi ya kuingia mifupani. Kila saa kumi na moja jioni mzee Adelino, mume wa Dona Hermínia, alishusha shata za madirisha yote, na dunia ikaishia hapo.

"Nyumba hii tumeijenga wenyewe," mzee alipenda kusema, "kwa miaka ishirini na miwili ya kazi nje."

Tessy aliitikia kwa kichwa. Hakuuliza nje ni wapi. Visa vya wazee, ukishavifungulia mlango, havina mwisho.

Raha yake ilibaki moja: kila alasiri kumpigia simu kaka yake Pol. Mtandao ulishika jikoni tu, basi alikaa pale pale mezani, Dona Hermínia akimenya viazi mkabala naye, na akamwaga ya moyoni kwa lugha ya kwao. Lugha ya kinchi kama kile, nani Lamego angeijua? Nyumba aliiita jela. Supu ya kabichi ilimkinaisha, na Jumatano ilipobadilika ikawa ya maboga, akalalamikia maboga. Yote hayo aliyasema akitabasamu, bikizee asije akashuku.

Alhamisi hiyo hakuweza tena.

"Wiki tatu nyingine zitanitia wazimu, Pol. Sipumui humu."

"Na saini?"

"Nimeshapanga. Kesho asubuhi nashuka nalia. Nasema bibi amefariki. Watu hawa wakisikia msiba hulegea kabisa, ataniandikia wiki zote sita na mlango atanifungulia mwenyewe."

"Bibi yupi? Huyu anayeniibia karata hapa sasa hivi?"

"Huyo huyo. Usimwambie."

Tessy akakata simu, akamtabasamia Dona Hermínia. Kisu kilikuwa kimesimama juu ya kiazi. Kisha kikaendelea kumenya.

"Nyumbani hawajambo?" aliuliza bikizee, kwa Kireno cha polepole alichokuwa akimwekea mgeni.

"Hawajambo, wote wazima."

"Vyema, mwanangu. Vyema sana."

Asubuhi Tessy alisimama mbele ya kioo akayasugua macho mpaka yakawa mekundu. Sentensi ya Kireno alikuwa ameikariri nusu usiku: bibi, ghafla, moyo, lazima niondoke leo. Akashuka ngazi taratibu, leso mkononi. Kwenye ngazi ya mwisho akasimama.

Dona Hermínia alikuwa amevaa nyeusi tupu, kuanzia kilemba hadi soksi. Aproni ilining'inia msumarini. Mlango wa mbele ulikuwa wazi wote, baridi ikiingia itakavyo, na huko nje mzee Adelino alikuwa ameshawasha gari. Mezani palikuwa na mkate na soseji, vimefungwa vizuri kwa safari. Kando yake fomu ya shule, imeshatiwa saini. Kwenye nafasi ya muda aliokaa mgeni paliandikwa kwa mwandiko wa kujikaza: siku ishirini.

Tessy akafungua mdomo, lakini kabla hajatoa neno Dona Hermínia alikuwa ameshamkumbatia. Alimkumbatia kwa nguvu, kama mama yeyote angefanya. Kisha akazungumza, na safari hii hakikuwa Kireno. Ilikuwa lugha ya kwao Tessy, ile ya majikoni ya Luxembourg, nyepesi, bila kukwama popote.

"Pole na msiba, mwanangu. Ukifika, msalimie bibi."