Jiwe Likikaa Mahali Pake

Asiyeamini hadithi hii akaulize vumbi. Kiangazi kimoja kilibaki kisima kimoja tu, kimejificha katikati ya nyasi ndefu. Baraza la wanyama likampa Ngiri, mgeni kabisa katika kazi ya kuelekeza njia, jiwe jeupe na sheria moja: "Kwenye jiwe, kata kushoto."

Ngiri akaliweka kando ya njia kuu, akaenda kisimani kuwapokea wenzake. Nyumbu hakutokea. Alikutwa porini, ulimi nje.

"Nimelipita jiwe ndipo nikakata," alifoka. "Sheria ndivyo isemavyo!"

Ngiri akalirudisha jiwe nyuma kidogo. Kesho yake Nyumbu akafika, akapotea Digidigi.

"Mimi hukata kabla ya jiwe," alisema Digidigi. "Sheria ndivyo isemavyo!"

"Basi mmoja wenu akajifunze sheria."

"Kajifunze wewe, mwanagenzi!" walimjibu kwa pamoja. Hilo tu ndilo walilokubaliana.

Siku saba Ngiri alikimbia kutoka kisimani hadi njia kuu, akisogeza jiwe, akirudi, akilisogeza tena. Siku ya nane uvumilivu ulimwisha. Akalibeba jiwe hadi kisimani, akalikalia.

"Leo wa kufa kiu na afe na sheria yake."

Mara Nyumbu na Digidigi wakafika wameongozana, wakishuka kwenye njia pana ambayo kwato za Ngiri zilikuwa zimeichimba kwa zile mbio zake.

"Umeona?" akasema Nyumbu, maji yakimchuruzika kidevuni. "Jiwe likikaa mahali pake, hatupotei."

"Leo limekaa barabara," akajibu Ngiri, wala hakunyanyuka.