Korongo na Kompyuta Thelathini

Siku ile Korongo, mkaguzi wa kampuni inayouza programu za kompyuta, aliingia ofisini kwa Nungunungu na mkoba wake wa ukaguzi, na hakusalimu mtu. Kazi yake ilikuwa kutisha.

"Binti, programu yetu mna leseni zake kumi tu. Naiona kwenye kompyuta arobaini. Kesho naifunga ofisi hii."

Nungunungu hakuwahi kutia sahihi kitu asichokisoma. "Mzee, tunaitumia kwenye kumi. Kwenye hizo thelathini mliipakia ninyi wenyewe, nasi hatujaifungua."

"Lakini inafunguka?"

"Hata mlango wa jirani hufunguka, mzee. Je, nimelala kwake?"

Korongo akapandwa na hasira. Akapita meza kwa meza, akaifungua programu kwenye zote thelathini kwa mdomo wake mrefu. "Haya, sasa ni arobaini."

Nungunungu akafunua mkataba wa programu ile, akasoma taratibu: "Aliyeifungua programu ndiye mtumiaji, na leseni ni juu yake." Kisha akauliza kwa adabu zote, "Hizi thelathini kafungua nani?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Korongo akabeba mkoba, akaondoka mbiombio, na Nungunungu akamkimbilia hadi mlangoni na fomu ya kampuni yake mwenyewe ya maombi ya leseni thelathini.

"Jaza kwa wino, mzee. Ya penseli huwa mnairudisha."