Barua ya Kujipa Pole

Barua ilitoka kwake kwenda kwake, na yeye hakuwa ameandika hata neno moja.

"Makubwa haya!" wifi yake alicheka, akiigeuzageuza bahasha. "Watu huandikiwa na wapenzi wao, wewe wifi yangu unajiandikia mwenyewe?"

Mkata vitambaa hakucheka. Tangu ile ajali, miezi mitatu sasa, hakucheka wala hakulia. Alikula kwa sababu sahani imewekwa mbele yake.

Kiwandani, mashine ya kukata huendeshwa na wawili. Mmoja hunyoosha kitambaa. Akishatoa mikono hugonga meza mara mbili, ndipo mwenzake abonyeze kitufe cha kisu. Siku ile kazi ilikuwa ya mbiombio. Mkata vitambaa alibonyeza kabla meza haijagongwa. Shoga yake wa miaka tisa akapoteza vidole vinne vya mkono wa kulia, akahamishiwa ofisini kutuma barua. Tangu hapo mkata vitambaa hulipita dirisha la ofisi ile kichwa chini, mbio kama mwizi.

Mwezi uliopita kiwanda kilileta mkufunzi. "Kila mtu ajiandikie barua ya kujipa pole," alisema, "kama unavyomwandikia rafiki aliyefikwa na jambo. Ziacheni ofisini. Zitawajia nyumbani baada ya mwezi."

Wenzake waliandika mpaka machozi yakalowesha karatasi. Yeye aliikunja yake tupu, akaitia ndani ya bahasha bila kuifunga, akaandika anwani. Pole ajipe ya nini?

Na sasa mezani palikuwa na barua ya kuacha kazi, keshaitia sahihi. Kesho asubuhi angeipeleka. Ufundi wa miaka kumi na tisa, basi tena.

Wifi aliifungua bahasha bila kungoja ruhusa. "Khe! Mwandiko gani huu? Kuku kakanyaga wino?"

"Si wangu. Mkufunzi kanionea huruma, kaandika yeye. Haya, soma."

Wifi akasoma kwa kukwamakwama:

"Mpendwa mimi. Najua hulali. Ulikosea, na kosa ni lako, sikufichi. Lakini hukukusudia, na kujichapa kila siku hakumsaidii mtu. Jipe pole, kama ambavyo ungempa mwingine. Usiiache mashine ile. Hakuna anayeijua kama wewe."

"Maneno ya kulipwa hayo," alisema mkata vitambaa. Moyoni hakusikia kitu. Alivuta barua yake ya kuacha kazi, akaanza kuikunja.

"Ngoja, kumbe huku nyuma pia pameandikwa," wifi akasema, akaigeuza karatasi kwenye mwanga.

"Nisamehe, niliona umeweka karatasi tupu, nikaona nikuandikie mimi. Na mwandiko uuvumilie, shoga yangu. Huu mkono wa kushoto ndiyo kwanza unajifunza."