Mkono wa Kushoto wa Mama

Mama aliinua mkono wake wa kushoto hadi usawa wa bega, kwa sababu Wachuka alimwambia auinue.

Nilisimama mlangoni na sinia ya chai. Tangu Mama apate kiharusi, mimi ndiye ninayemkanda mkono huo kila asubuhi, hapa kwetu mtaa wa Section 58. Wachuka na mimi tuliitwa pamoja kusomea udaktari. Yeye akaenda. Mimi niliomba kuahirisha mwaka mmoja ili nibaki na wazazi.

“Juu kidogo, anti.” Alikuwa amekuja na koti lake jeupe kutuonyesha, bado lina mikunjo ya dukani. Nililitamani, hata harufu yake.

Vidole vya Mama vilifunguka. Kile kidogo, ambacho kwangu hubaki kimejikunja mpaka nikipulizie joto, kilinyooka chenyewe. Nilifurahi, kisha nikaikaza mikono kwenye sinia.

“Baba, njoo uone!” Mama alimwita mumewe aliyekuwa uani. “Daktari ameniinua mkono!”

Wachuka alicheka. “Anti, usinipe sifa za bure. Mimi bado nakariri mifupa. Haya ni mazoezi ya muda mrefu. Nani amekuwa akikufanyisha?”

Niliweka sinia mezani, nikanyoosha mgongo.

Mama alinitazama, kisha akatazama dari, machozi yakimlengalenga.

“Ni Mungu tu, daktari.”

“Amina,” Wachuka akasema.

Halafu yeye na Mama wakanigeukia, wakingoja na mimi niseme amina.