Tundu la Volti Kumi na Mbili

Longinus, mtendaji wa kata ya Makere, aliliona lile fundo mara tu Mwamvua, mama mwenye saluni huko Kitahana, alipoingia uani mwa ofisi. Lilikuwa kwenye pindo la kanga, gumu, la ukubwa wa kiberiti, na mkono wake wa kushoto haukuliachia.

"Kama hizo ni pesa za kunilainisha," alisema, "rudi nazo Kitahana."

Mwamvua alilikaza fundo kiganjani, akasogea mbele.

Mbele yao lilikuwepo jenereta jekundu, na kando yake alisimama Gasper. Kibati cha namba kilikuwa kimeng'oka. Mwamvua alidai liliibwa saluni kwake Februari hiyo ya 2014, na Jumamosi akalikuta gulioni Makere likiuzwa na Gasper. Gasper alikuwa na risiti ya jenereta la aina hiyo hiyo, ya miaka mitatu nyuma. Mwamvua hakuwa na karatasi hata moja. Saluni ilikuwa imefungwa tangu wizi ule. Na akishindwa leo, Gasper angempeleka polisi kwa kuwa alimwita mwizi mbele ya gulio zima.

"Ushahidi wako uko wapi?" Longinus alimwuliza Mwamvua.

"Mwulize yeye kwanza, mheshimiwa. Hili tundu dogo analitumia?"

Gasper alicheka. "Dada, hilo ni la volti kumi na mbili. La kuchajia betri ya gari, si la kukaushia nywele." Mgambo wa kata aliyesimama kando naye akacheka.

"Unalitumia?" Longinus alirudia.

"Kila wiki. Hata Ijumaa nimechaji betri hapo hapo."

"Aandike hivyo," Mwamvua alisema. "Atie sahihi."

Gasper aliandika, akatia sahihi. Longinus akazidi kumshuku mama huyo. Alikuwa anapoteza muda, na mkono bado uko kwenye fundo.

Betri ya sola ya ofisi, iliyokuwa imeisha kabisa, ililetwa. Gasper alifanya kazi bila haraka. Jenereta likiwa limezimwa, alifunga waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, akachomeka plagi kwenye tundu, ndipo akavuta kamba. Jenereta likanguruma. Longinus aliona mikono ya mtu anayejua chombo chake.

"Haya, mama. Na wewe tuonyeshe."

"Mimi hilo tundu silitumii. Hata kuligusa siligusi."

"Ehee!" mgambo alisema. "Mwenye mali huyo!"

"Basi, shauri limekwisha," Gasper alisema, akachukua risiti yake mezani.

Baada ya saa nzima waliirudisha betri mahali pake. Balbu ya ofisi haikuwaka. Gasper alibonyeza kitufe cha fyuzi, akakaza waya, akavuta kamba tena. Nusu saa nyingine. Balbu haikuwaka.

"Betri yenu mbovu, mheshimiwa."

Longinus alimwagiza mgambo azime jenereta na kufungua paneli. Skrubu nne zilitoka. Nyuma ya tundu hapakuwa na kifaa chochote, ila nyaya nne zikining'inia, zimekatwa: mwekundu, mweusi na mbili nyeupe.

"Fundi wangu…" Gasper alianza, kisha akaitazama karatasi yenye sahihi yake.

Mwamvua alipiga magoti kando ya jenereta, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na kidude cheusi, kile cha kugeuza umeme wa kuchajia betri, chenye vipande vinne vya waya: kimoja chekundu, kimoja cheusi na viwili vyeupe. "Kiliungua, fundi akakikata kabla halijaibwa," alisema.