Sentensi ya Rukia

Ukanda wa kupima afya uliokuwa shingoni mwa Mbwana ulihisi mshipa umebana na damu haipandi vizuri kichwani, ukampigia msimamizi wake. Msimamizi huandikishwa siku ya ndoa, naye Mbwana, kwa papara ya kumtimua Rukia na kumwingiza Salima, alisahau kulifuta jina la mtalaka wake.

Rukia aliacha kukuna nazi, akamtazama kwenye kioo cha simu. Mdomo umepinda, mkono wa kulia unaning'inia. Salima, mkewe mpya, alikuwa amemshikilia, analia.

"Dada Rukia, fanya hima!"

Sheria ilimtaka msimamizi ampe mgonjwa sentensi airudie, yoyote ile, ili ulimi wake upimwe kama umepooza.

"Sema: Nilimfukuza Rukia na wanawe, na hakuwa na kosa."

Mbwana alimkodolea macho. Kisha akasema, ulimi mzito, maneno yakichuruzika pamoja na mate.

"Rudia."

Akarudia, vibaya zaidi.

Simu ikauliza: "Ametamka vizuri? Ukijibu hapana, gari la wagonjwa litatumwa."

Miaka yote tangu afukuzwe, Rukia alikuwa akiingoja sentensi ile. Alikuwa ameisikia neno kwa neno.

Akabonyeza "Ndiyo". Simu ikakatika pamoja na kilio cha Salima, na Rukia akaendelea kukuna nazi yake.