Ndoo ya Bi Hidaya

Katika jiji lile, mfanyakazi akikaa kitako popote, hata nyumbani kwake, ilihesabiwa kuwa amepumzika, na siku moja ya likizo yake ikakatwa. Bangili aliyovishwa mkononi ndiyo iliyomchongea.

Sikudhani, fundi wa lifti, alibakiwa na siku tatu: ya kwenda Kilwa, ya harusi ya mdogo wake, na ya kurudi. Leo alimtoa mjamzito aliyekwama ghorofa ya kumi na tisa, akakumbatiwa mpaka machozi yakamlenga. Kazi aliipenda. Lakini baada ya hapo akasimama kwa saa tatu kwenye foleni ya basi, akafika nyumbani miguu imevimba.

Akamkuta mama yake, Bi Hidaya, aliyekuja jijini kununua vitambaa vya harusi.

"Kwako hakuna hata kiti cha mgeni?"

"Mama, huku ukimkaribisha mtu kiti, umemtukana."

Bi Hidaya akapindua ndoo, akaipigapiga. "Kaa, mwanangu."

"Nikikaa, sifiki harusini."

"Basi nami sikai!" Akasimama kweli, goti lake bovu likitetemeka.

Hasira zikampanda Sikudhani. Akamkalisha mama yake kwenye ndoo, kisha akajibwaga sakafuni ubavuni pake.

"Hongera, Sikudhani," bangili ikasema kwa sauti tamu. "Unapumzika. Zimebaki siku mbili."

Bi Hidaya akaikazia macho bangili kama anayemtazama mtu aliyeingia bila hodi.

"Na huyu," akauliza, "analala humu humu?"